Chakula cha jioni siku za kazi: mnajipangaje mkiwa na watoto wadogo?

Mama wa Watatu aliuliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo mtu wa nje anaweza kuliona dogo, lakini nyumbani kwetu linatuchosha kuliko kazi za mchana. Mimi na mume wangu sote ni waajiriwa, na kwa kawaida tunaingia nyumbani baina ya saa 11:30 na saa 12 jioni. Tuna watoto watatu: mkubwa ana miaka 7, wa katikati ana miaka 4, na kitindamimba ana miezi 10. Wale wakubwa inatakiwa wawe wamelala ifikapo saa 2 usiku, kwa sababu wakichelewa kulala, kuwaamsha asubuhi huwa ni kazi ya kutoa jasho. Ukiondoa muda wa kuwaogesha, kusimamia kazi za shule na kumnyonyesha mdogo, basi kupika, kula na kuosha vyombo vyote vinatakiwa viingie ndani ya saa moja.

Kupika najua, na vitu vya kupika havikosekani ndani. Kinachonishinda ni ile dakika ya kufungua friji, akili imeshachoka, mtoto mmoja amening'ang'ania mguuni na mwingine analilia biskuti, halafu ndipo nianze kujiuliza leo tunakula nini. Mara nyingi jibu huwa ni mayai ya kukaanga, au chakula cha kununua kilichokwisha kupikwa, ambacho kinagharimu zaidi na aghalabu kina chumvi nyingi mno kwa watoto. Ushauri wa kupika vyakula vya wiki nzima siku ya mapumziko nimeusikia na nimeufuata, lakini siku hiyo ikawa si ya mapumziko tena, na ikifika katikati ya wiki watoto hawataki hata kuliona lile bakuli.

Jambo la pili linamhusu huyu wa miaka 4. Alipokuwa mdogo alikula kila alichopewa. Sasa chochote chenye rangi ya kijani anakisukuma pembeni, na mboga ikigusana na wali, sahani nzima kwake imeharibika. Najikuta napika chakula cha familia, chakula chake yeye, na chakula laini cha mdogo, yaani mapishi matatu kwa mlo mmoja. Wenzangu mliopita njia hii, mnajipangaje? Sitafuti mapishi mapya ya kuvutia; natafuta utaratibu unaoweza kudumu.

Baba Mapacha alijibu:

Dada, pole kwa majukumu. Umeandika mwenyewe kwamba kinachokushinda si kupika bali ni kuamua, na hapo nakuunga mkono kabisa. Mapishi mengi yanayosifiwa kuwa ni ya dakika 20 huanza kuhesabu wakati kitunguu kimeshakatwa na uamuzi umeshafanyika. Yule aliyesimama mbele ya friji akitafakari hayamhesabu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuuondoa uamuzi huo katika saa ya jioni.

Sisi hatupangi mlo maalumu wa kila siku, kwa sababu ratiba ya namna hiyo huvunjika mara tu kitu kimoja kinapokosekana. Tunachopanga ni aina. Jumatatu ni siku ya maharage na jamii yake. Jumanne ni mayai. Jumatano ni nyama ya kusaga au kuku. Alhamisi ni samaki. Ijumaa ni siku ya kumalizia viporo na chochote kilichobaki kwenye friji. Ndani ya kila aina kuna uhuru: mayai yanaweza kukaangwa na mboga, yanaweza kuchemshwa yakaliwa na viazi, au yakapasuliwa ndani ya rojo la nyanya linalochemka na kufunikwa mpaka yaive. Watoto hawalalamiki kwamba ni kile kile, nasi tunajua tangu usiku uliotangulia ni kitu gani kitoke kwenye friza.

La pili, usipike milo ya wiki nzima. Pika msingi wake tu. Chakula kilichokamilika huchosha kikirudiwa, lakini msingi hauchoshi kwa sababu kila siku unageuka kitu kingine. Katika vyakula vingi vya mchuzi, kazi inayokula muda ni kukaanga vitunguu na kuivisha nyanya, na ukiifanya kazi hiyo kwa vitunguu vingi badala ya viwili, muda hauongezeki kwa kiasi kile kile. Mimi hukata kilo moja ya vitunguu, nikavikaanga kwa moto wa wastani kwenye sufuria pana mpaka vilainike na kuanza kupata rangi ya dhahabu, nikaongeza kitunguu saumu na tangawizi, kisha kilo mbili za nyanya zilizokatwakatwa. Sifuniki, ili maji yapungue. Dalili ya kwamba rojo limeiva ni mafuta kuanza kujitenga pembeni, na mwiko kuacha njia kwenye kitako cha sufuria unapokoroga. Chumvi sitii, pilipili sitii; hizo zinasubiri siku ya kupika. Likishapoa nalitia kwenye mifuko ya kugandishia, nalilaza na kulisambaza kwa kiganja mpaka liwe bapa, unene usiozidi wa kidole, ndipo naliweka kwenye friza. Huo ubapa una maana yake: bonge nene hukaa muda mrefu bila kuyeyuka katikati, ilhali bapa jembamba unalivunja kwa mkono, kipande unachokitaka, ukakitia moja kwa moja kwenye sufuria. Kipande kimoja kinaunga maharage ya Jumatatu, kingine kinapokea nyama ya kusaga Jumatano, na samaki wa Alhamisi analazwa juu ya kingine na kufunikwa, basi.

Suala la unene linasaidia kila mahali jikoni. Kiazi kizima cha ukubwa wa kawaida huchukua karibu nusu saa kuiva kwa kuchemshwa, lakini kikikatwa vipande vya sentimita 2 huiva kwa dakika 10 hadi 12. Kidari cha kuku kisicho na mfupa, ukikipasua kwa ubapa, nacho huwahi sana kuiva. Watu hutafuta jiko lenye moto mkali zaidi wakati kisu kingewasaidia mapema. Kama mna sufuria ya presha, itumieni hasa kwa maharage: ndani yake maji hufikia joto la karibu nyuzi 120 za selisiasi badala ya 100, na ndiyo maana maharage yaliyorowekwa, ambayo katika sufuria ya kawaida yangechukua saa nzima au zaidi, hulainika kwa chini ya nusu saa. Ila nyanya msizitie mapema, kwa kuwa asidi yake huchelewesha maharage kulainika, yaungeni yakishaiva.

Tukifika nyumbani, kabla hata ya kuwavua watoto viatu, mmoja wetu anabandika wali au maji ya viazi, maana hicho ndicho kitu kinachojipikia chenyewe. Mboga huwa zimeshakatwa usiku uliotangulia, watoto wakiwa wamelala. Mtu anaweza kuniambia kwamba huko ni kuhamisha kazi tu, na ni kweli, lakini kukata karoti saa 3 usiku katika nyumba iliyotulia si sawa na kukata karoti huku pacha mmoja anamng'ata mwenzake.

Mwalimu wa Chekechea alijibu:

Baba Mapacha amemaliza upande wa sufuria, nami niseme kuhusu sahani. Mama, huyo mtoto wako wa miaka 4 ni wa kawaida kabisa. Woga wa vyakula vigeni hujitokeza sana kati ya miaka 2 na 6, hata kwa watoto waliokuwa wakila kila kitu walipokuwa wachanga, na kwa wengi hupungua wenyewe kadiri wanavyokua. Tafiti za ulaji wa watoto zimeonyesha kwamba huenda mtoto akahitaji kukutana na chakula kigeni mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, ilhali wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara chache na kutangaza kwamba mtoto hakipendi. Kukutana nacho maana yake ni kipande kidogo kuwepo kwenye sahani, bila hotuba. Asilazimishwe, wala asibembelezwe.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa majukumu ya mezani kwa namna ambayo mimi naiona ya busara sana: mzazi anaamua kiliwe nini, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale kiasi gani, na hata kama atakula au la. Ugomvi mwingi wa mezani hutokana na kila upande kuingilia kazi ya mwenzake, mtoto akiagiza chakula kana kwamba yuko mgahawani, na mzazi akihesabu vijiko vinavyoingia kinywani. Kwa hiyo acha kumpikia chakula chake cha peke yake, lakini hakikisha kila mlo una angalau kitu kimoja anachokikubali, hata kikiwa ni wali mtupu, mkate au tunda. Weka vyakula katikati ya meza kwenye mabakuli mbalimbali, kila mtu ajipakulie; kwa mtoto asiyetaka mboga iguse wali, mara nyingi hilo peke yake linamaliza shauri. Na peremende isiwe malipo ya kumaliza mboga, kwa sababu inamthibitishia mtoto kile alichokuwa akikishuku, kwamba mboga ni adhabu inayohitaji fidia.

Iangalie pia hiyo biskuti ya saa 12. Tumbo la mtoto ni dogo, na biskuti mbili pamoja na bilauri ya juisi muda mfupi kabla ya kula zinatosha kumfikisha mezani akiwa hana njaa. Kama hawezi kusubiri, mpe sehemu ya mlo wenyewe: vipande vya tango, karoti zilizochemshwa, au maharage machache yaliyokwisha kuiva. Nimeona watoto wengi wakila mboga kwa furaha wakiwa wamesimama jikoni, mboga zile zile ambazo wangezikataa mezani, na sioni sababu ya kuwazuia.

Kitindamimba naye hahitaji sufuria yake. Mtengee sehemu yake kabla ya kutia chumvi na pilipili, iponde kwa uma, na umwachie vipande laini vya kushika kwa vidole. Asali asipewe kabla ya kutimiza miezi 12, hata ikiwa kidogo ndani ya chakula, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, yaani ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria. Zabibu mbichi zikatwe kwa urefu, mara nne, na karanga nzima asipewe mtoto yeyote aliye chini ya miaka 5, maana zinaweza kumkaba. Yule wa miaka 7 mpe kazi ya kweli, kama kuosha mchele, kuchambua maharage au kupiga mayai. Mwanzoni atakuchelewesha, kwa hiyo aanze siku ambayo hamna haraka.

Mzee wa Kikaango alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo na wenzangu. Hayo mayai ya kukaanga yamekosa nini hata yasimuliwe kwa masikitiko? Yai moja lina takriban gramu 6 za protini iliyo bora, linaiva kwa dakika chache, na watoto wengi hulikubali. Ukilikaanga na majani ya mboga yaliyokatwakatwa, ukaweka mkate na tunda pembeni, huo ni mlo kamili usiohitaji kuombewa radhi. Mwili wa mtoto haufungi hesabu zake kila usiku. Kilichopungua Jumanne kinaweza kufidiwa Alhamisi, na ndiyo sababu ni afadhali kuutazama ulaji wa watoto kwa wiki kuliko kwa siku. Na swali dogo la pembeni: shemeji yuko wapi katika mpango huu? Mnaingia nyumbani saa ile ile, lakini anayesimama mbele ya friji ni mmoja.

Afya Jikoni alijibu:

Kazi yangu inahusu usalama wa chakula, hivyo mtanisamehe nikiwa mrefu mahali ambapo wengine wangepita. Mpango wa Baba Mapacha ni mzuri, lakini pale aliposema "likishapoa" panahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo viporo vingi huharibikia. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula zilizotolewa mwaka 2001, linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, kwa kuwa vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za selisiasi. Sufuria ndefu iliyojaa rojo inaweza kubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, hata ikiwa ndani ya friji. Kigaweni chakula kwenye vyombo vifupi na vipana, au liwekeni sufuria ndani ya beseni la maji baridi huku mkikoroga, kisha kiingie kwenye friji au friza mara tu joto kali linapoisha.

Wali unahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Mchele aghalabu huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo zinaweza kustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa jikoni usiku kucha, zinachipuka, bakteria wanaongezeka, na sumu wanayoitengeneza, ambayo humfanya mtu atapike, haiondoki hata ukiupasha moto wali huo mpaka utoe moshi. Kwa hiyo upoozeni ndani ya saa moja, uwekeni kwenye friji, uliwe kesho yake, na upashwe moto mara moja tu. Viporo vingine vilivyohifadhiwa vizuri kwenye friji vinaweza kuliwa ndani ya siku 3 hadi 4, mradi vipashwe moto mpaka katikati, si juu peke yake. Kwa utaratibu huo, viporo vya Ijumaa viwe vya Jumanne kuja mbele. Cha Jumatatu kisisubiri, na wali uwe wa Alhamisi tu.

Maharage mekundu yana jambo lake. Yakiwa mabichi yana aina ya protini inayoitwa lektini, ambayo husababisha kichefuchefu, kutapika na kuhara, na huharibiwa na mchemko wa kweli peke yake. Yaroweke kwa saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, kisha uyachemshe kwa maji mapya yanayotokota kwa dakika 10 angalau kabla ya kupunguza moto. Wanaotumia sufuria za umeme zinazopika polepole kwa joto dogo wasiyaingize humo yakiwa mabichi, kwa sababu joto lisilofika kwenye mchemko linaweza kuyaacha na sumu zaidi kuliko yalivyokuwa mwanzo. Sufuria ya presha haina tatizo hilo.

Nyama iliyoganda isiyeyushwe juu ya meza kuanzia asubuhi hadi jioni. Ihamishe usiku kutoka kwenye friza kwenda sehemu ya chini ya friji, ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Mkiisahau, mfuko uliofungwa vizuri unaweza kuzamishwa kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa. Nyama ya kusaga iliyogandishwa ikiwa bapa, kama lile rojo, haitachukua muda mrefu.

Mama wa Watatu alijibu:

Nawashukuru sana. Mzee wa Kikaango, swali lako nilimsomea mume wangu kama lilivyoandikwa, akacheka, halafu akachukua kalamu. Tumekubaliana kwamba Jumanne na Alhamisi ni zake tangu kuamua hadi kuosha vyombo, nami sitauliza amepika nini mpaka nikiwa mezani. Ratiba ya aina tumeibandika kwenye mlango wa friji, na Ijumaa tumeiacha kuwa ya viporo kama kwa Baba Mapacha. Kwa huyu wa miaka 4 nitaanza na mabakuli ya katikati, ingawa naona wazi kwamba kwa muda fulani atajipakulia wali peke yake, na itanibidi ninyamaze.

Nina swali moja lililobaki. Ninaondoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 12 jioni. Nikiroweka maharage ya Jumatatu wakati wa kuondoka, yatakaa majini kwa saa 12, na jikoni kwetu mchana kuna joto kali. Je, hayataharibika? Na kama yataharibika, nifanyeje ili Jumatatu isinishinde?

Afya Jikoni alijibu:

Saa 12 si nyingi kwa maharage, lakini katika jiko lenye joto maji hayo yanaweza kuanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Yaweke kwenye friji tangu mwanzo, katika bakuli kubwa lenye maji yanayozidi maharage maradufu, kwa kuwa yatavimba. Ukirudi, yamwage maji hayo, yasuuze, na uanze na maji mapya.

Njia ninayoipendelea mimi kwa familia kama yenu ni kuchemsha maharage mengi kwa mara moja, siku yoyote mliyo nyumbani kwa saa mbili, bila kuyaunga. Yakilainika, yapooze kwa namna niliyoeleza, uyagawe katika vyombo vyenye kiasi cha mlo mmoja, uyafunike kwa maji yake kidogo ili yasikauke, uache nafasi ya juu kwa sababu maji hutanuka yanapoganda, kisha uyaweke kwenye friza. Jumatatu jioni unakitoa chombo kimoja, unayatia maharage kwenye sufuria pamoja na kipande cha rojo la Baba Mapacha, na yanachemka pamoja wakati wali unaiva. Andika tarehe kwenye kila kifuniko, maana ndani ya friza vyombo vyote hufanana.